Mji wa Mlima Usio na Lifti

Miji ya Ulaya inayoishi kwa theluji haikujengwa kileleni. Chamonix, mji wa Ufaransa ulio chini ya mlima Mont Blanc, upo mita 1,035 juu ya usawa wa bahari. Kitzbühel, Austria, upo chini zaidi, kwenye mita 760 hivi. Jiji la Dodoma limekaa juu kuliko miji hiyo miwili, na hata Mvumi, kusini-mashariki mwa jiji hilo, ipo kwenye mwinuko wa karibu mita elfu moja. Kwa kipimo cha mwinuko peke yake, Mvumi na Chamonix ni majirani. Tofauti yao inatokana na ikweta. Chamonix upo nyuzi 46 kaskazini: mwezi Desemba jua hupita chini upande wa kusini, mchana huwa mfupi, na theluji inayoanguka hubaki mitaani na kwenye miteremko kwa miezi kadhaa. Mvumi, nyuzi 6 kusini, hupigwa na jua la karibu utosini mwaka mzima. Kipupwe chake, Juni na Julai, ni upepo, vumbi na asubuhi za kuvaa sweta, na kufikia saa nne sweta imekwishavuliwa.

Afrika Mashariki ina milima mitatu tu yenye barafu ya kudumu: Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori. Yote mitatu ipo karibu na ikweta, na katika yote barafu imejificha juu sana, mbali na nyumba za watu. Hakuna kijiji chenye theluji mlangoni. Hata hivyo upo mji mmoja ambao kwa historia yake, familia zake, kazi za vijana wake na hoteli zake unafanana na miji ya Alps kuliko mahali pengine popote katika ukanda huu. Mji huo ni Marangu, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro. Ulishika njia ileile iliyoshikwa na Chamonix, kisha ukaachana nayo mahali pamoja, na kilichoitenganisha miji hiyo ni mashine zaidi ya theluji.

Chamonix ulianza na waongozaji, kabla skii haijafika huko. Tarehe 8 Agosti 1786 Jacques Balmat, aliyekuwa akitafuta fuwele milimani, na daktari Michel-Gabriel Paccard walifika kileleni mwa Mont Blanc, wa kwanza kufanya hivyo. Wageni wakaanza kumiminika, wengi wao Waingereza, nao walihitaji watu wa kuwapeleka. Mwaka 1820 waongozaji watatu walifukiwa na maporomoko ya theluji wakiwa kazini, na mwaka uliofuata wenzao wakaunda chama cha waongozaji wa Chamonix, chenye mfuko wa kuwasaidia waliopatwa na ajali na utaratibu wa kupokezana wateja kwa zamu. Chama hicho kipo hadi leo. Kwa miongo mingi biashara ilikuwa ya kiangazi tu. Baridi ikifika hoteli zilifungwa na watu wakarudi kwenye ng'ombe wao na jibini.

Msimu wa baridi uliingia sokoni kidogo kidogo. Huko St. Moritz, Uswisi, husimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwekeana dau na wageni wake Waingereza: waje Desemba, na wasipoona jua na raha, atawalipia gharama za safari. Wakaja, wakakaa hadi masika. Skii zenyewe zilitoka Norway, ambako zilikuwa chombo cha kawaida cha kusafiria na kuwindia. Mwaka 1893 Franz Reisch wa Kitzbühel aliagiza jozi yake kutoka huko baada ya kusoma kitabu cha Fridtjof Nansen juu ya kuivuka Greenland kwa skii, akaanza kuteremka nazo kwenye milima ya kwao. Kijiji cha St. Anton, Austria, kilipata jina kwa sababu ya mwalimu wake Hannes Schneider, aliyeanza kufundisha wageni mwaka 1907. Mwaka 1924 Chamonix ukaandaa mashindano ambayo baadaye yalihesabiwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi.

Mapinduzi makubwa, hata hivyo, yalikuja kwa chuma na waya. Mchezaji wa skii wa zamani alipanda kwa miguu saa tatu ili ateremke kwa dakika kumi. Mtu wa namna hiyo hatumii fedha nyingi mjini. Mwaka 1934 mhandisi Ernst Constam aliweka Davos, Uswisi, kamba inayozunguka kwa mota na kumvuta mchezaji hadi juu akiwa amesimama kwenye skii zake. Kuanzia hapo mtu mmoja aliweza kuteremka mara ishirini kwa siku. Miteremko ikageuka kiwanda, na wenye mashamba ya malisho wakawa wenye hisa za lifti. Chamonix ukapata mwaka 1955 gari la waya la Aiguille du Midi, linalomfikisha mzee wa miaka sabini kwenye mita 3,777 akiwa na viatu vya kawaida.

Marangu haina kitu cha namna hiyo. Barabara ya kwenda huko huchepuka kutoka barabara kuu ya Moshi na Taveta pale Himo, ikapanda kwenye vihamba, yaani yale mashamba ya Wachaga ambamo migomba, kahawa na magimbi hukua pamoja chini ya miti mirefu, na maji hutiririka kwenye mifereji iliyochimbwa na mababu. Marangu Mtoni, penye soko na kituo cha magari, hakuna dalili yoyote ya baridi kali. Lango la hifadhi lipo juu zaidi, kwenye mita 1,860 hivi. Kutoka hapo msitu mnene hufunika njia kwa nusu siku ya mwendo, kisha huja nyasi na vichaka, kisha jangwa la mawe, na barafu huanza karibu na mdomo wa volkano. Yule aliyeamkia kwenye migomba anahitaji siku tatu au nne kuigusa.

Uhusiano wa Marangu na Alps ni wa damu, kwa maana ya ufundi. Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig kutoka ukoo wa wachapishaji vitabu, alijaribu kuupanda mlima mwaka 1887 akazuiwa na ukuta wa barafu. Mwaka uliofuata alikwama kabla ya kuufikia: vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Wajerumani vilikuwa vimeanza pwani, akakamatwa, akaachiwa baada ya kulipa fidia. Aliporudi mwaka 1889 alikuwa amejifunza kwamba ujasiri hautoshi kwenye barafu, akamleta Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa Salzburg aliyekuwa amepanda vilele vya Alps kwa mamia. Wakaweka kambi Marangu kwa mangi, yaani chifu, Marealle, aliyekuwa rafiki wa Wajerumani na mjuzi wa kuutumia urafiki huo dhidi ya wapinzani wake mlimani.

Tarehe 3 Oktoba wawili hao walikata ngazi kwa sururu ya barafu, hatua kwa hatua, hadi ukingo wa mdomo wa Kibo, koni kuu ya Kilimanjaro, wakaona kwamba kilele chenyewe kipo upande mwingine wa mdomo, na muda ulikuwa umekwisha. Wakashuka. Tarehe 6 Oktoba wakafika. Wakakiita kilele jina la mfalme wa Ujerumani, Kaiser Wilhelm.

Ni nani Mwafrika aliyekuwa karibu nao? Hapa kumbukumbu mbili hazikutani. Katika kitabu cha Meyer mwenyewe, mtu aliyebaki kwenye kambi ya juu, akilinda hema na kupika katika baridi ambayo wenzake waliikimbia, ni Mwini Amani wa Pangani, Mswahili wa pwani aliyezaliwa mahali ambapo baridi ni neno la kusimuliwa. Marangu kwa upande wake inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa hapohapo ambaye anasemekana aliingizwa katika msafara kama mwongozaji na aliyeendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi. Wakati wa kuadhimisha miaka mia moja ya safari ile, mwaka 1989, Mzee Lauwo alikuwa hai bado, akaenziwa hadharani na kujengewa nyumba. Alifariki mwaka 1996, na familia ikahesabu umri wake kuwa zaidi ya miaka 120. Umri huo umetiliwa shaka, na wapo wanaodhani mzee alichanganya safari ya Meyer na nyingine za baadaye. Shaka hiyo ina msingi. Lakini hata ukiondoa mwaka 1889 wote, hubaki mtu aliyewapeleka wageni juu ya Kilimanjaro kabla kazi hiyo haijawa na jina, sare wala leseni, na si kila mji wa Alps unaoweza kumtaja wa kwake kwa jina.

Mwaka 1912 ndio uliokaribia kuifanya Marangu mji wa skii. Mwaka huo njia kutoka Marangu ilitengenezwa na vibanda viwili vikajengwa kwa mfano wa vile vya Alps: kimoja kwenye ukingo wa msitu, kikaitwa Bismarck, na kingine juu zaidi, kikapewa jina la Carl Peters, mtu ambaye katika eneo hilohilo la Kilimanjaro aliwanyonga watumishi wake na kufukuzwa kazi na serikali yake kwa ukatili. Fritz Klute na Eduard Oehler walifika kilele cha pili cha mlima huo, Mawenzi, wa kwanza kufanya hivyo, na wakachora ramani ya barafu ya Kibo. Mwaka huohuo Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na skii, wakazitumia kuteremka. Furtwängler alikuwa ndugu wa Wilhelm, aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa okestra, na jina la ukoo wao limebaki kwenye bamba la barafu lililo ndani ya mdomo wa Kibo.

Skii zile hazikuleta kizazi kingine, na sababu zake ni za kimaumbile kabla ya kuwa za kifedha. Theluji ya Alps hujikusanya tangu Novemba hadi Machi, tabaka juu ya tabaka, nayo huwa laini ya kutosha kubeba mtu anayekata kona. Theluji ya Kibo huanguka zaidi katika misimu miwili ya mvua, masika na vuli, na jua la ikweta huila ndani ya siku chache. Sehemu kubwa haiyeyuki kabisa bali hugeuka mvuke moja kwa moja, kama kitambaa kilicholowa kinavyokauka kwenye kamba. Kinachobaki ni barafu ngumu ya zamani yenye kingo zilizosimama wima kama kuta za nyumba, na mara nyingine yenye meno makali yaliyochongwa na jua. Mwinuko nao ni adui. Kwenye mita 5,700 kila pumzi huleta takriban nusu ya oksijeni ya pwani. Mtu anayehema kwa kutembea hatua ishirini hatafuti mteremko wa kukimbia.

Kuteleza kwenyewe hakukosekani, ila ni kwa kokoto. Mteremko wa mwisho kutoka ukingo wa Kibo kurudi kwenye kibanda ni changarawe laini ya volkano. Usiku wa kupanda huwa imeganda na hukanyagika; mchana jua likishaipiga hulegea, na wanaoshuka huchomeka visigino, hujiachia, na kila hatua huteleza mita nzima chini katika wingu la vumbi. Mteremko uliopandwa kwa saa tano au sita hushukwa kwa saa moja na nusu hivi. Waongozaji vijana hushuka hivyo kwa mikogo isiyo na tofauti na ya walimu wa skii wa St. Anton.

Kwa kuwa mashine haikuja, kila kitu kiliendelea kubebwa na watu, na hapo ndipo Marangu ilipojijengea urithi wake. Msafara wa kawaida una mwongozaji mkuu na wasaidizi wake, mpishi, na wapagazi wawili watatu au zaidi kwa kila mgeni. Asubuhi pale langoni mizigo hupita kwenye mizani. Kikomo ni kilo 20 kwa mpagazi, bila kuhesabu vitu vyake mwenyewe, na mizani hiyo huzua mabishano kila siku: begi likizidi, kitu hutolewa na kuhamishiwa kwa mwingine, au mtu wa ziada huitwa kutoka miongoni mwa vijana wanaosubiri nje tangu alfajiri. Mgeni huanza kutembea na chupa ya maji na kamera. Wapagazi humpita njiani, mzigo kichwani au shingoni, ili akifika akute chai na bisi, na maji ya moto ya kunawa kwenye beseni.

Kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, hakina maji. Kila lita inayopikwa uji au supu pale, na kila kikombe cha chai kinachonywewa saa tano usiku kabla ya safari ya kileleni, kimebebwa kwa madumu kutoka chemchemi ya mwisho iliyo juu ya kibanda cha Horombo, kupitia lile jangwa la upepo lililo kati ya Mawenzi na Kibo. Hii ndiyo kazi isiyoonekana kwenye picha za kileleni, na pengine ndiyo nzito kuliko zote. Kwa miaka mingi wapagazi waliifanya wakiwa na viatu vya mitumba vilivyotoboka na makoti ya kuazima, na baadhi walikufa kwa baridi. Tangu mwaka 2003 upo mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wenye makao Moshi, unaoazimisha nguo za baridi bure na kufuatilia kampuni zinavyowalipa na kuwalisha. Chamonix ulilifikia jambo hilo mwaka 1821, baada ya vifo. Kilimanjaro nako vifo vilitangulia.

Kazi hii hurithiwa. Baba aliyekuwa mpagazi humpeleka mwana kwa mwongozaji anayemjua. Mwana hubeba mizigo misimu kadhaa, hujifunza Kiingereza au Kijerumani njiani kwa wageni, huwa msaidizi, hufanya mafunzo na kupata leseni. Fedha za mlima huingia kwenye kihamba kama ng'ombe wa maziwa, mabati na ada za shule. Katika hilo Mchaga wa Marangu na mkulima wa St. Anton wangeelewana bila mkalimani: wote wana shamba dogo lisilotosha kugawiwa watoto wote, na mlima ndio uliowaokoa na kugawana vipande.

Hoteli zilifuata, kwanza Kibo Hotel kisha Marangu Hotel, zote zikiwa zimetokana na walowezi, na zote zikijulikana zaidi kwa kuandaa misafara kuliko kwa vitanda vyake. Kati ya vita viwili vya dunia Moshi ilipata chama cha wapanda milima, na kibanda cha tatu, cha Kibo, kikajengwa mwaka 1932. Majina ya sehemu za kileleni ni orodha ya watu wa enzi hiyo. Gillman's Point inamkumbuka Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyefika ukingoni mwaka 1921. Stella Point ilipewa jina la mke wa Kingsley Latham, waliopanda pamoja mwaka 1925. Mchungaji Richard Reusch wa misheni ya Kilutheri alipanda mara nyingi kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Ndiye aliyemkuta mwaka 1926 chui aliyekauka katika barafu karibu na ukingo, chui ambaye Ernest Hemingway alimweka mwanzoni mwa hadithi yake ya mwaka 1936. Waliobeba mizigo ya hao wote hawakupewa hata jiwe.

Uhuru ulibadilisha majina ya juu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika na mwenge kileleni, na kilele kikaitwa Uhuru. Bismarck ikawa Mandara, jina la mangi wa Moshi. Peters ikawa Horombo, jina la mangi shujaa wa Keni. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977, na katika miaka hiyo vibanda vya sasa vya mbao vikajengwa kwa msaada wa Norway. Ni vibanda vya pembetatu ambavyo paa hushuka karibu kugusa ardhi, umbo lililobuniwa ili theluji nzito iteleze isivunje nyumba. Mandara hakuna theluji nzito. Lakini ni jambo la kufurahisha kwamba nchi iliyoipa Alps skii iliipa Marangu mapaa yake. Kwa sababu ya vibanda hivyo njia hii ndiyo pekee ya Kilimanjaro ambayo mgeni hulala kitandani badala ya hemani, na tangu Agosti 2022 Horombo kuna hata intaneti.

Michezo ya ushindani ilipofika mlimani ilikuja kwa sura ya mbio. Mbio za marathoni za Kilimanjaro hukimbiwa Moshi kila mwaka tangu 2003. Mlimani kwenyewe Simon Mtuy, mwongozaji kutoka upande huohuo wa Marangu, alipanda hadi Uhuru na kushuka mwaka 2006 kwa saa tisa na dakika ishirini hivi, akijibebea kila kitu bila msaada wa mtu. Mwaka 2014 Karl Egloff, mwenye asili ya Uswisi na Ekwado, aliweka rekodi ya kupanda na kushuka ya saa 6 na dakika 42.

Skii zenyewe ziliwapata Waafrika Mashariki ugenini. Mwaka 1996 kampuni ya Nike iliwachukua wanariadha wawili wa Kenya, Philip Boit na Henry Bitok, ikawapeleka Finland kujifunza skii za masafa, kwa dhana kwamba mapafu ya Bonde la Ufa yatafanya kazi popote. Boit alikuwa mpwa wa Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972. Tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano, Japani, alishiriki kilomita 10, akawa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Theluji ilikuwa imelowa na ilimganda chini ya skii. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alifika wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alikataa kwenda kupokea medali mpaka amkumbatie, sherehe ikangoja. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi kwenye Olimpiki za 2002 na 2006. Mwaka huo wa 2006 Robel Teklemariam akawa Mwethiopia wa kwanza katika michezo hiyo.

Aliyefanikiwa kushuka miteremko ya Alps yenyewe ni Sabrina Wanjiku Simader. Alizaliwa Kilifi, pwani ya Kenya, mwaka 1998, akahamia Austria akiwa mtoto mdogo, na baba yake wa kambo, Mwaustria, akamfundisha skii. Mwaka 2018, huko PyeongChang, Korea Kusini, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya baridi na alimaliza wa 38 katika mashindano ya kuteremka ya super-G. Mifano ya Boit na Simader ikiwekwa pamoja inaonyesha jambo ambalo Nike ililipima vibaya. Mapafu huletwa na mtu kutoka kwao, lakini miguu ya skii huundwa utotoni, na utoto huo unahitaji mteremko wenye lifti karibu na nyumbani. Tanzania, yenye barafu nyingi kuliko jirani yeyote, haikuwa imepeleka mchezaji yeyote katika michezo hiyo hata kufikia ile ya Beijing mwaka 2022.

Barafu hiyo nayo inakwisha. Ramani ya Klute na Oehler ya mwaka 1912 ilionyesha kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2007 asilimia 85 ya eneo hilo lilikuwa limetoweka na kubakisha chini ya kilomita mbili za mraba. Bamba la Furtwängler lilikuwa na mita za mraba 113,000 mwaka 1976 na 60,000 mwaka 2000, na limeendelea kukatika vipande. Wanasayansi wamebishana juu ya uzito wa kila sababu: hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianza kukauka mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, na barafu isiyofunikwa na theluji nyeupe hunywa jua zaidi, na juu ya hayo limekuja joto la dunia nzima. Alps zina msiba huohuo, ila zina mitambo. Usiku wa baridi mabomba hurusha maji hewani yakaanguka theluji ya kutengeneza, na vituo vya chini kama Kitzbühel haviwezi tena kuutegemea msimu bila mabomba hayo. Kilimanjaro haiwezi kufuata njia hiyo, na kwa kipato cha Marangu hailazimiki sana: mgeni anapanda kwa sababu ya kilele, na kilele hakiyeyuki. Maji ya mifereji ya vihamba nayo hutoka zaidi kwenye mvua ya msitu kuliko kwenye barafu, hivyo hofu kubwa ya mkulima ni moto na shoka.

Tishio lililowatoa wapagazi usingizini lilikuwa lifti. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba inachunguza uwezekano wa kuweka magari ya waya Kilimanjaro, kwa upande wa Machame, ili wazee, watu wenye ulemavu wa viungo na wageni wa siku moja nao waupande mlima. Hoja hiyo ina nguvu. Ndiyo hiyohiyo iliyojenga Aiguille du Midi. Waongozaji na wapagazi wakapinga kupitia vyama vyao. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mgeni wa siku tano au sita huajiri watu wengi kwa siku zote hizo, na mgeni wa kwenye waya huajiri mkata tiketi. Walitaja pia msitu, na hatari ya kumfikisha mtu haraka kwenye hewa nyepesi kabla mwili haujazoea. Miji ya Alps haikuwa na mjadala huo, kwa kuwa lifti ilipofika huko wabeba mizigo walikuwa wachache na mchezo wa kuteleza ulizalisha kazi mpya mara moja: walimu, wakodisha skii, madereva wa mitambo ya kusawazisha theluji, wahudumu wa mikahawa ya mlimani. Kilimanjaro lifti ingeshusha watu palepale ilipowapandishia, bila mchezo katikati. Mradi haukujengwa, na mizani ya langoni Marangu inaendelea kupima kilo 20.